Chaja zilizohesabiwa siku ya kusimikwa: kisa cha Electrify America

Tarehe 25 Oktoba 2016, Jaji Charles Breyer wa mahakama ya shirikisho mjini San Francisco aliidhinisha makubaliano kati ya serikali ya Marekani na kampuni ya Volkswagen. Mwaka mmoja kabla, Volkswagen ilikuwa imebanwa ikakiri kwamba magari yake ya dizeli yalikuwa na programu iliyotambua pale gari linapopimwa moshi. Wakati wa kipimo programu ilipunguza sumu. Gari likirudi barabarani, iliiachia. Waliofukua jambo hilo ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga vifaa vya kupimia kwenye magari na kuyaendesha masafa marefu badala ya kuyapima ndani ya karakana. Serikali ilisema oksidi za nitrojeni zilizotoka zilifika hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Duniani kote magari yaliyohusika yalikuwa takribani milioni 11, na Marekani peke yake yenye injini ya lita 2 yalikaribia nusu milioni.

Sehemu kubwa ya makubaliano hayo, yaliyofika dola bilioni 14.7, ilikwenda kununua tena magari yale na kuwafidia wenyewe. Ndani yake mlikuwa na sharti jingine lililovuta macho ya watu wachache wakati ule: Volkswagen itumie dola bilioni 2 kwa miaka 10 kuendeleza magari yasiyotoa moshi, milioni 800 California na bilioni 1.2 katika majimbo mengine. Fedha zigawanywe katika mizunguko minne ya miezi 30, dola milioni 500 kila mzunguko, na chochote kitakachojengwa kihudumie magari ya kampuni zote, si ya Volkswagen tu. Kwa kazi hiyo ikaundwa kampuni ya Electrify America, ya vituo vya kuchajia magari ya umeme, yenye makao yake Reston, Virginia.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu kinaondoa kisingizio cha kwanza tunachokisikia kila miundombinu inapojadiliwa, yaani fedha. Hapa fedha zilikuwapo, zilikuwa nyingi, na amri ya mahakama ilihakikisha zinatumika. Wateja nao walikuja. Hata hivyo kwa miaka kadhaa wenye magari ya umeme walilitaja jina la mtandao huu kwa hasira. Kwa maoni yangu sababu imo ndani ya sharti lenyewe. Volkswagen ilidaiwa matumizi, na kipimo kilichokuwa rahisi kukaguliwa ni dola zilizotoka na chaja zilizosimikwa. Mtu anayefika kituoni saa nne usiku na betri ya asilimia 8 anadai kitu kingine kabisa.

Kasi ya ujenzi

Kituo cha kwanza kilifunguliwa Mei 2018 kwenye eneo la maduka la Chicopee, Massachusetts. Kampuni ilitafuta maegesho ya magari ambayo tayari yana taa, njia za kuingilia na vyoo jirani. Walmart peke yake ilikubali vituo kwenye maduka zaidi ya 100 katika majimbo 34. Ilipofika Juni 2020 gari la umeme lingeweza kutoka Los Angeles hadi Washington likichaji kwenye vituo vya Electrify America pekee. Miaka miwili kutoka kituo cha kwanza hadi kuvuka bara zima ni kasi ya kuheshimiwa, na sioni sababu ya kuibeza.

Uamuzi wa ukubwa wa chaja nao ulikuwa wa kijasiri. Barabara kuu ziliwekewa chaja za hadi kilowati 350 wakati ambapo hakuna gari lililouzwa Marekani lililoweza kupokea kiasi hicho. Chevrolet Bolt, mojawapo ya magari ya umeme yaliyokuwa yakinunuliwa sana na watu wa kipato cha kati, lilikuwa linaishia takribani kilowati 55. Porsche Taycan, lenye uwezo wa kilowati 270, lilianza kuwafikia wanunuzi mwishoni mwa 2019, na Hyundai Ioniq 5 miaka miwili baadaye. Waliojenga walijua kwamba kuchimba barabara na kuvuta umeme mara ya pili kungegharimu zaidi kuliko kuweka kifaa kikubwa mara moja. Hilo walilipata sawasawa.

Ila teknolojia ilikuwa changa. Kupitisha ampea 500 kwenye kebo ambayo mtu wa kawaida anaweza kuinyanyua kunahitaji kimiminika cha kupoza kinachozunguka ndani ya kebo yenyewe. Januari 2019 kampuni ililazimika kuzima kwa siku kadhaa chaja zake zote zilizotumia kebo za kupozwa za kampuni ya Uswisi ya Huber+Suhner, baada ya hitilafu ya shoti kutokea Ujerumani. Hakuna aliyeumia na chaja zikarudi, lakini wasafiri waliokuwa barabarani siku hizo waliona jinsi mtandao mzima ulivyoning'inia kwenye kifaa kimoja.

Ili ipate vifaa vya kutosha kwa haraka, kampuni ilinunua chaja kwa watengenezaji wanne: ABB, BTC Power, Efacec na Signet. Kwa mnunuzi mwenye tarehe ya mwisho iliyowekwa na mahakama, hiyo ni hesabu nzuri, kwani mmoja akichelewa watatu wanaendelea. Kwa fundi atakayeitwa miaka mitatu baadaye ni vipuri vya aina nne, programu za aina nne na miongozo minne ya kutafuta hitilafu. Gharama hiyo haikuonekana kwenye hesabu za siku ya kusimika.

Kinachotokea kebo ikichomekwa

Pampu ya petroli ikiwa na mafuta na umeme, tangi likiwa wazi, kazi imekwisha. Chaja ya kasi ina hatua nyingi zaidi, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo ilipo mizizi ya malalamiko.

Umeme wa gridi ni wa AC (mkondo geu) na betri inapokea DC (mkondo mnyoofu). Ukichaji nyumbani, kazi ya kuugeuza hufanywa na kifaa kilichomo ndani ya gari. Kwenye kituo cha kasi hufanywa na kabati kubwa lenye moduli kadhaa zinazogawana mzigo. Moduli moja ikifa chaja haizimiki; inapungua nguvu tu. Mteja anasoma kilowati 350 kwenye kibandiko, gari lake linapokea chini ya nusu ya uwezo wake, naye hana namna ya kujua kama tatizo ni gari, ni betri iliyopoa sana kwa baridi, au ni chaja.

Kabla umeme haujapita, gari na chaja vinazungumza kupitia waya mwembamba uliomo ndani ya kebo hiyohiyo. Gari linaeleza betri yake inahitaji volti ngapi na ampea ngapi. Chaja inapima kama kebo haivujishi umeme, inapandisha volti zake hadi zikaribiane na za betri, kisha swichi kubwa zilizomo ndani ya gari zinafunga na mkondo unaanza. Tangu hapo gari ndilo linaloamuru ongeza au punguza. Utaratibu wa mazungumzo haya, kwa magari yanayotumia plagi ya CCS (aina iliyotumiwa na viwanda vingi visivyo Tesla), umeandikwa katika viwango vya kimataifa, lakini kila kiwanda cha magari na kila kiwanda cha chaja kilikuwa na tafsiri yake ndogondogo. Gari likipata toleo jipya la programu, au chaja ikibadilishiwa programu usiku, mazungumzo yaliyokwenda vizuri jana yanakatika leo. Ukichukua viwanda vya magari zaidi ya 10, kila kimoja na modeli zake, ukavikutanisha na chaja za watengenezaji wanne, unapata michanganyiko ambayo hakuna maabara inayoweza kuijaribu yote kabla haijafika barabarani.

Juu ya hayo kuna malipo. Kisoma kadi kiko nje, kwenye jua na theluji. Modemu ya simu inategemea mnara wa mtandao ulio karibu. Programu ya simu inategemea seva iliyoko mbali. Skrini inapasuka au inafifia. Chochote kati ya hivyo kikigoma, umeme upo, chaja ni nzima, na mteja hapati kitu.

Kituo cha mafuta kina mtu. Hata Marekani, ambako dereva hujijazia mwenyewe, kuna mtu nyuma ya kaunta anayeweza kubandika karatasi kwenye pampu mbovu na kupiga simu kumwita fundi. Vituo vya kuchajia vilijengwa bila mtu. Chaja ilitegemewa ijiripoti yenyewe kwamba imeharibika, na hitilafu nyingi kati ya nilizozitaja ni za aina ambayo chaja haiwezi kuzijua. Skrini iliyokufa haiambii makao makuu kwamba haionyeshi kitu.

Watu waliokwenda kupima

Mwaka 2022 David Rempel, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, na wenzake walichapisha utafiti ambao naona ndio uliobadilisha mjadala mzima. Walikagua vituo vya umma vya kasi vyenye plagi za CCS katika eneo la Ghuba ya San Francisco: vituo 181, plagi 657, vya kampuni mbalimbali, Electrify America ikiwa mojawapo. Kipimo chao kilikuwa cha kawaida kabisa. Unachomeka, unalipa, na gari likichaji kwa dakika 2 plagi imefaulu. Ukikuta gari la mtu linachaji, plagi imefaulu pia.

Zilizofaulu zilikuwa asilimia 72.5. Karibu asilimia 23 hazikufanya kazi, kwa skrini zisizoitika, malipo yaliyokataa, uchajishaji ulioshindwa kuanza, mtandao uliokatika au plagi zilizovunjika. Karibu asilimia 5 nyingine zilikuwa na kebo fupi isiyofika kwenye tundu la gari. Na hili lilikuwa eneo lenye magari mengi ya umeme kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya nchi, chini ya pua za kampuni za teknolojia.

Kampuni zenye vituo zilikuwa zikiripoti kwamba chaja zao zinapatikana kwa asilimia 95 hadi 98 ya muda. Sioni haja ya kudhani kuna aliyedanganya. Chaja inayowasiliana na seva huhesabika iko hewani, na chaja nyingi kati ya zilizomshinda mtu aliyesimama mbele yake ziliweza kabisa kuwa zinawasiliana na seva. Pande mbili zilikuwa zikipima vitu viwili, na kipimo cha kampuni ndicho kilichokuwa kikiwekwa mezani.

Kuna matokeo mengine katika utafiti ule ambayo hayatajwi sana, nami nayaona mazito kuliko asilimia zenyewe. Takribani siku 8 baadaye watafiti walirudi kwenye sampuli ya asilimia 10 ya plagi. Kwa jumla hali haikuwa imebadilika. Kifaa kuharibika ni jambo la kawaida. Kifaa kukaa wiki nzima kikiwa kibovu katika mji tajiri, kando ya barabara yenye shughuli, kinaonyesha kwamba hakuna mtu ambaye ubovu huo unamuuma mfukoni. Wanaotoka vijijini kwetu wameiona hali hii kwenye pampu ya maji ya mradi: siku ya uzinduzi kuna utepe na wageni, mwaka wa tatu kuna mpini uliolegea, na hakuna anayejua waya wa kuvutia unanunuliwa wapi wala nani alipe.

Umeme wa bure na foleni

Wakati chaja zikisuasua, wateja walifurika. Mwaka 2020 watu walichaji kwenye mtandao wa Electrify America kwa mara zisizofika 300,000. Mwaka 2021 mara hizo zilikaribia milioni 1.5, na 2022 zikapita milioni 5. Sehemu ya ongezeko hilo ilichochewa na viwanda vya magari vyenyewe, vilivyonunua umeme kwa jumla na kuwapa wateja kama zawadi. Mnunuzi wa Volkswagen ID.4 alipewa miaka 3 ya kuchaji bure, na Ioniq 5 lilikuja na miaka 2 ya vipindi vya nusu saa.

Zawadi hiyo ilikuwa na kasoro ya kifizikia. Betri hupokea umeme kwa kasi ikiwa karibu tupu, na ikishapita asilimia 80 hivi gari hupunguza mkondo ili kuilinda. Asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua muda sawa na zile 60 zilizotangulia. Anayelipia kila kilowati-saa na ana safari huondoka mapema. Anayechaji bure karibu na kwake hana sababu ya kuondoka, na nyuma yake kuna mtu mwenye watoto ndani ya gari na kilomita 200 mbele yake. Mwaka 2024 kampuni ilianza majaribio ya kukata umeme gari likifika asilimia 85 katika vituo 10 vyenye foleni kubwa California. Nadhani hatua hiyo ilichelewa.

Bei nayo ilikuwa na historia yake. Mwanzoni wateja walilipia dakika, jambo lililowaumiza wenye magari yanayochaji polepole. Sheria za baadhi ya majimbo zilimhesabu yeyote anayeuza umeme kwa kilowati-saa kuwa ni shirika la umeme lenye masharti yote ya shirika la umeme. Septemba 2020, katika majimbo yaliyoruhusu, Electrify America ilihamia kwenye senti 43 kwa kilowati-saa, au senti 31 kwa wanachama wanaolipa ada ya mwezi. Mapema 2023 ikapandisha hadi 48 na 36.

Foleni zilifika hadi kwa wakubwa. Majira ya joto ya 2023 Waziri wa Nishati Jennifer Granholm alifanya ziara ya magari ya umeme kusini mwa nchi. Huko Grovetown, Georgia, kwenye kituo chenye chaja nne, moja ilikuwa mbovu na nyingine zina magari. Mfanyakazi wa msafara alitumia gari la petroli kuzuia nafasi kwa ajili ya waziri, na familia iliyokuwa na mtoto mchanga kwenye joto ikaita polisi. Vyombo vya habari viliandika sana kuhusu adabu ya msafara. Mimi kilichonisumbua ni ile chaja ya nne.

Aliyejenga kwa sababu nyingine

Tesla, kampuni ya magari ya umeme, ilikuwa imeanza Septemba 2012 na vituo sita vya kuchajia California. Haikuwa na amri ya mahakama. Ilikuwa na gari ambalo hakuna mtu angelinunua kwa safari ndefu bila mahali pa kuchajia. Gari, plagi, chaja na malipo vilikuwa vya kampuni moja, kwa hiyo mazungumzo ya kebo yalikuwa ya ndugu wa nyumba moja, na chaja iliyokufa ilimaanisha gari lisilouzika. Kwa upande wa Electrify America, aliyelipa alikuwa anatumikia adhabu, na wengi waliokwama walikuwa na magari ya viwanda vingine. Volkswagen nayo iliumia, kwa kuwa wanunuzi wa ID.4 walikwama pia, lakini maumivu hayo yalifika kwa kuzunguka na kwa kuchelewa.

Soko lilitoa hukumu yake 2023. Tarehe 25 Mei Ford ilitangaza kwamba magari yake yatatumia plagi ya Tesla. General Motors ikafuata tarehe 8 Juni, na kabla ya mwezi huo kwisha Electrify America yenyewe ikasema itaiweka plagi hiyo kwenye vituo vyake. Desemba ile Volkswagen nayo ikajiunga. Walmart, iliyokuwa imetoa maegesho yake, ilikuwa tayari imetangaza mwezi Aprili kwamba itajenga mtandao wake yenyewe.

Lakini mtandao unaotegemea maslahi ya kampuni moja unategemea pia uamuzi wa ghafla wa kampuni hiyo. Mwishoni mwa Aprili 2024 Tesla ilifukuza karibu timu nzima ya vituo vyake, watu wapatao 500, kisha ikawaita baadhi yao warudi. Viwanda vilivyokuwa vimefunga mikataba nayo vilijikuta havina mtu wa kumpigia simu.

Bili na shaba

Ningekuwa simtendei haki mwendeshaji kama ningeacha gharama zisizoonekana na mteja. Mashirika mengi ya umeme Marekani humtoza mteja mkubwa mara mbili: kwa uniti alizotumia na kwa kilele cha juu cha umeme aliouvuta kwa wakati mmoja ndani ya mwezi, hata kama kilele hicho kilidumu robo saa. Wenye viwanda Tanzania na Kenya wanaifahamu tozo hii, maana wanalipia kVA kila mwezi. Kituo cha jangwani ambako magari matatu yalikutana mchana mmoja kinalipa kilele hicho hata mwezi mzima uliobaki ukiwa mkavu. Ndiyo maana kuanzia 2019 Electrify America ilifunga betri kubwa za Tesla kwenye vituo zaidi ya 100, zijazwe taratibu na kumwaga umeme magari yanapokutana.

Kisha wakaja wezi wa shaba. Hadi Mei 2024 kampuni ilikuwa na vituo 968 vyenye plagi 4,400, na katika miezi ile mitano ya mwaka kebo 129 zilikuwa zimekatwa, zaidi ya mwaka wote wa 2023. Miaka miwili nyuma ilikuwa kebo moja kila miezi sita hivi. Mwizi anapata dola chache kwa vyuma chakavu, na kituo kinapoteza kebo ya maelfu ya dola pamoja na siku za kusubiri nyingine. Msomaji aliyewahi kukaa gizani kwa sababu mtu ameiba mafuta ya transfoma hahitaji maelezo zaidi.

Serikali inaandika upya sharti

Sheria ya miundombinu ya Novemba 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa mpango wa NEVI wa chaja za barabara kuu. Kanuni zilipotoka Februari 2023 zilisomeka kama orodha ya yale yaliyowauma watu. Kila kituo kiwe na angalau plagi nne, kila moja ikiweza kutoa kilowati 150 kwa wakati mmoja na wenzake. Kila plagi ipatikane kwa zaidi ya asilimia 97 ya muda, na kupatikana kukaelezwa kuwa chaja inatoa umeme inavyotarajiwa, si kuwa hewani tu. Mwaka huohuo zikatengwa dola milioni 100 kwa ajili ya kutengeneza na kubadilisha chaja zilizokwisha kusimikwa. Nchi iliyotumia miaka ikihesabu chaja mpya ililazimika kufungua fungu la kufufua za zamani.

Masharti makali yalikuwa na bei yake. Kituo cha kwanza cha NEVI kilifunguliwa Desemba 2023 karibu na mji wa London, Ohio, miaka miwili baada ya sheria kupita. Februari 2025 serikali ya Rais Donald Trump ikasimamisha mpango, majimbo yakaenda mahakamani. Electrify America, kwa upungufu wake wote, ilitumia takribani miaka miwili kutoka kituo chake cha kwanza hadi kuvuka bara. Anayedai ubora bila kutaja ucheleweshaji hajasema yote.

Kampuni nayo imebadilika. Imeng'oa chaja nyingi za kizazi cha kwanza na kuweka mpya, na imeanza kujenga vituo vikubwa zaidi. Kile cha San Francisco kilichofunguliwa mapema 2024 kina chaja 20 ndani ya jengo, pamoja na sehemu ya kupumzikia. Lengo lililotangazwa 2021, la vituo 1,800 na chaja 10,000 Marekani na Kanada ifikapo mwisho wa 2025, halikufikiwa. Sioni aibu katika hilo ikiwa zilizopo zinafanya kazi.

Nairobi na Kigali

Kwetu mtandao wa umma wa kuchajia umekua kwa njia nyingine, kupitia pikipiki. Mjini Kigali na Nairobi kampuni kama Ampersand zinaendesha vituo vya kubadilishia betri: mwendesha boda anafika, anaacha betri iliyokwisha, anachukua iliyojaa, na ndani ya dakika chache yuko barabarani. Betri ni mali ya kampuni. Kampuni inapata fedha pale tu betri inapobadilishwa, kwa hiyo kituo kisichofanya kazi kinaikata mapato siku hiyohiyo. Na kituoni kuna mtu. Vitu hivyo viwili ndivyo Electrify America ilivyokosa mwanzoni, na viko hapa bila mahakama kuamuru.

Kwa magari na mabasi safari ndiyo inaanza. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya umeme kwa vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa kilowati-saa na nusu yake saa zisizo na msongamano, hatua inayopunguza sehemu ya mzigo wa bili niliouelezea. Zitakapokuja fedha za wafadhili kwa ajili ya chaja za barabara ya Mombasa hadi Nairobi, au Dar es Salaam hadi Dodoma, ningependa mkataba ucheleweshe sehemu ya malipo hadi umeme uuzwe kweli kwa wenye magari, na mtu asiye mwajiriwa wa mwendeshaji awe anapita na gari kuchomeka na kulipa kama mteja, kwa kipimo kilekile cha dakika 2. Ningependa pia chaja ziwekwe kwenye vituo vya mafuta vyenye wahudumu usiku na mchana, na mhudumu huyo afundishwe kuwasha upya mashine na apewe namba ya fundi. Marekani mshahara wa mtu wa zamu ungeua biashara. Huku mtu huyo tayari yuko pale, analipwa, anajua kila dereva wa lori anayepita.

Mzunguko wa nne na wa mwisho wa fedha za Volkswagen ulianza Julai 2024 na unaisha Desemba 2026. Baada ya hapo hakuna tena dola zinazolazimishwa. Electrify America itabaki na umeme inaouza, bili za kilele, kebo za kubadilisha na mpinzani karibu kila njia kuu. Vituo vyenye foleni California vina wa kuvitunza. Vile vya majimbo ya katikati, vinavyopata magari machache kwa siku, vilijengwa kwa sababu amri ilitaka nchi nzima ifikiwe, na ndivyo vitakavyokuwa vya kwanza kuulizwa vinaingiza nini.